Afande Aliyesafisha Njia ya Ndege za Kivita

Nitamwita Afande, maana hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita hivyo hivyo mpaka jikoni. "Afande, chumvi imekwisha." Kwao ni wapi na alizaliwa na nani, mimi sijui na sikuwahi kuuliza. Sisi tuliovuka mpaka tukiwa migongoni mwa mama zetu hatuna tabia ya kuulizana kwenu ni wapi. Ninachojua ni kwamba alitumikia jeshi miaka mingi katika kambi ya ndege za kivita, huko mashariki, mbali, unapanda treni mpaka unasahau ulibeba chakula gani. Alipostaafu akaja kujenga kijijini kwetu, upande huu wa Kibondo, ng'ambo ya kile kiwanja cha ndege cha zamani ambako zilikuwa zinatua ndege ndogo za misaada wakati wakimbizi walipokuwa wengi.

Namsimulia kwa sababu mwaka jana nusura niiache nyumba yangu na kaburi la mume wangu kwa kumwogopa yeye, na mwenyewe hakuwa na habari. Lakini nikianza na hilo hutamwelewa. Tuanze na mwendo wake.

Afande alitembea akitazama chini. Mikono nyuma, shingo mbele, hatua fupi, macho yanakwenda kushoto na kulia kama mtu aliyedondosha sindano. Mgeni angedhani ana huzuni. Hana. Alikuwa anaokota. Msumari, kizibo cha soda, kipande cha waya, kokoto, vyote vinaingia mfukoni. Mkewe alikuwa hafui suruali yake kabla hajaikung'uta nje, na kinachodondoka hapo ungeweza kufungulia duka la fundi baiskeli.

Siku moja nikamwuliza, "Afande, unatafuta nini siku zote?"

"Sitafuti, Mama Yohana. Nahakikisha hakuna."

Ndipo akanieleza. Ndege ya kivita, anasema, inavuta hewa kwa mbele kwa nguvu ambayo mtu akisimama karibu inaweza kumnyakua. Kokoto moja kama punje ya haragwe ikiingia mle ndani inakatakata injini. Kwa hiyo kila asubuhi kambini, kabla ndege haijawashwa, askari walipanga mstari mmoja kukata njia yote ya kurukia, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, bega kwa bega, wakaitembea mwanzo mpaka mwisho wakiokota. Mpishi yumo, karani yumo, mkubwa mwenye nyota mabegani naye yumo. "Pale hakuna anayemtazama mwenzake usoni," alisema. "Ukiona wote wameinamisha shingo, ujue leo watu wataruka na watarudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote ile. Si rubani, si fundi. Watu walipomsikia ametoka kambi ya ndege walidhani alirusha mabomu, wakamheshimu kwa hilo, naye hakuwahi kujigamba wala kukanusha. Kazi yake ilikuwa njia: kuifagia, kuziba nyufa, kufyeka majani pembeni, na kufukuza ndege wenye manyoya. Hao alisema ni adui mkubwa kuliko mwenye bunduki. Walikuwa na madebe ya kupiga, walikuwa na baruti za kelele, na alikuwepo kunguru mmoja ambaye alimjua kwa sura. Kila akipiga debe, kunguru anahama hatua kumi, anamgeukia, anamtazama.

Sasa mtu huyo, aliyefukuza ndege ujana wake wote, alipofika kwetu kitu cha kwanza kujenga baada ya nyumba kilikuwa banda la njiwa. Nakwambia! Njiwa kama arobaini. Wananyea paa, wananyea kanzu ya katekista aliyekuja kumsalimia, yeye anachekelea tu. Nikamwambia, "Afande, hawa si ndio adui zako?"

"Nimewafukuza vya kutosha. Waje wakae."

Na lingine la namna hiyo: hakuwahi kupanda ndege. Hata moja! Miaka yote ile amelala karibu nazo, amezisikia mpaka usingizini, hakuwahi kuweka mguu ndani. Iliwahi kutua hapa ndege ndogo ya madaktari, rubani kijana mwenye moyo mzuri akasikia habari za mzee, akamwambia, "Baba, panda nikuzungushe kidogo, uione Kibondo kutoka juu." Sote tulikuwa pale tunapiga vigelegele. Afande akazunguka ile ndege mara mbili, akaigonga tairi kwa kidole, akainama akatazama tumbo lake, kisha akasema, "Iko vizuri. Nenda salama." Akarudi nyumbani. Mkewe alimtania mwezi mzima: "Jeshi la anga! Anga gani wewe, hata mti huwezi kuupanda."

"Huko juu hakuna pa kuegesha," alimjibu. Hilo lilikuwa neno lake. Ukimwona kijana anajaza watu wanne kwenye pikipiki, atasema, "Huyu anadhani ana pa kuegesha." Harusi ikipangwa bila kuhesabu viti, atasema hivyo hivyo.

Na kwa kuwa nimetaja harusi, ngoja niseme hili la kanisani. Tulikuwa tunamngoja askofu. Kwaya ya akina mama tumejipanga, sare mpya, Afande akatokea akatazama uwanja wa kanisa. Tulikuwa tumetoka kuezeka upya, mafundi wameacha vipande vya bati na misumari kila mahali. Akatupanga mstari sisi akina mama thelathini, bega kwa bega, na sare zetu, akasema, "Mbele, pole pole, okota." Yupo mmoja, Mama Esta, jirani yangu huyu ambaye mdomo wake haupumziki, akasema, "Afande, sisi ni waimbaji, si kuruta!" Akamwambia, "Imba ukiwa umeinama, mama, sauti inatoka." Tukaenda tunacheka mpaka mwisho wa uwanja. Tulijaza ndoo nzima na nusu. Askofu akashuka garini akakanyaga ardhi safi kama sakafu, na wala hakujua.

Mambo ya kambi alikuwa anayasimulia kwa kipimo. Mengine atakuambia mpaka umechoka: jinsi walivyofyeka wakati kambi inaanza, vijana wa makabila yote na mapanga, mbung'o wanawauma, jinsi walimu wa kigeni walivyofundisha kwa mikono na picha kwa sababu Kiswahili hawajui, jinsi ndege ya kwanza ilipotua wapishi wakaacha ugali unaungua. Mengine ukiuliza anafunga mdomo. Jina la kambi hakuwahi kulitaja. "Ya kambi yanabaki kambini." Na tuliacha kuuliza.

Ila ya vita ya Kagera alinisimulia mwenyewe, mara moja, tukipukuchua mahindi. Kambi kazi yake ilikuwa nini wakati ule? Kuzituma ndege na kuzipokea, basi. Alisema vita yeye hakuiona, aliisikia ikiondoka asubuhi na kurudi jioni. Walikuwa wanazihesabu zikienda, kisha wanasimama pembeni ya njia kuzihesabu zikirudi. Siku moja zilikwenda nne zikarudi tatu. Hakuna aliyekula jioni hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu ikaja habari kwamba ile ya nne ilitua kiwanja kingine kwa kuishiwa mafuta, rubani mzima, analalamika njaa. Afande alisema alikaa chini palepale kwenye lami akavua buti, akacheka peke yake. Yule rubani hata hakuwa rafiki yake. "Nilijua tu mwendo wake, anavyokanyaga akienda kupanda."

Sasa nimefika ninapopataka.

Mwaka jana, katika kile kiangazi kifupi cha katikati ya mvua, walikuja vijana watatu wamevaa vizibao vya kung'aa, na kile chombo chao cha kuchungulia chenye miguu mitatu. Wakaanzia ukingoni mwa kiwanja cha ndege, wakagonga vigingi vyenye kichwa chekundu, kimoja baada ya kingine. Vikapita kwenye mihogo ya Mama Esta, vikaingia migombani kwangu, hatua mbili tu kutoka kaburi la mume wangu. Nikamwuliza mmoja, "Mwanangu, hivi ni vya nini?"

"Mradi, bibi. Mtatangaziwa."

Mradi! Neno hilo unaweza kulibebesha chochote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa huko Kabanga, anamuuguza mkewe hospitalini, na mtendaji wa zamani alihamishwa na mpya hajafika. Wa kututangazia alikuwa nani?

Kesho yake asubuhi Mama Esta akaja anahema. "Mama Yohana we! Umemwona Afande?"

"Amefanya nini?"

"Yuko kiwanjani. Na reki, na toroli. Anaokota mawe. Na amevaa buti!"

Nikaenda nikachungulia. Kweli. Ukungu haujainuka, na yeye huyo, buti za jeshi, anakwenda mstari mmoja kutoka huku mpaka kule, anainama, anatupa jiwe kwenye toroli. Nikarudi kinyumenyume asinione.

Jioni tulikaa kwangu: mimi, Mama Esta, na mwanangu Yohana, mwenye duka dogo la sabuni na chumvi.

"Wanajenga kambi ya ndege za kivita," Yohana akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mama, unataka uambiwe na redio? Vigingi vimetokea kiwanjani. Na mtu wa kambi mwenyewe anasafisha."

"Basi tukamwulize," nikasema.

Mama Esta akacheka, kile kicheko kisicho na furaha. "Ego, haya, nenda kamwulize mwanajeshi jeshi linakwenda wapi. Sisi tutakungoja hapa."

Hapo ndipo utuelewe sisi. Mtu aliyezaliwa hapa angekwenda akauliza akarudi, dakika kumi. Lakini mimi mama yangu alinifundisha mambo mawili tukiwa njiani kuja nchi hii: usilie, na usimwulize askari swali. Nina karatasi yangu ya uraia, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkebe, napiga kura, wajukuu zangu hawajui kwetu kwa zamani panafananaje. Bado nikiona buti ulimi unakauka. Na si mimi tu. Nusu ya kijiji ni sisi. Afande huyu huyu aliyetuimbisha tumeinama, kwa siku moja akawa askari.

Tukaacha kumsalimia. Yaani tunamsalimia, "Shikamoo Afande," huku miguu inakwenda. Aliyekuwa anampelekea maziwa akaacha. Yeye akawa anasimama njiani anatutazama, kisha anaendelea na mawe yake.

Habari ikanenepa. Siku ya tatu walisema kambi itafika kisimani. Siku ya tano, mpaka kanisani. Mtu mmoja akasikia buldoza zimelala Kasulu, zinasubiri tu mafuta. Mama Esta aling'oa mihogo yake yote ikiwa haijatimiza mwaka, vidole vya mtoto, akaianika barabarani. Nami nikang'oa yangu, maana hofu inaambukiza kuliko mafua. Siku ya nane Yohana akapanda juu na nyundo akaanza kutoa mabati. "Heri tuyahifadhi kuliko yaliwe na buldoza," akasema. Akatoa upande wa chumba changu wote. Usiku ule nililala naona nyota, nikawaza: nimehamishwa nikiwa mtoto, nikahamishwa tena nikiwa na mume wangu, sasa nitahama nimezeeka, na yeye nitamwacha hapa peke yake chini ya matairi ya ndege. Nyumba nilikwisha kuiaga. Kaburi nilishindwa.

Asubuhi nikajifunga kitenge changu cha kanisani, nikaenda kiwanjani. Sikumwambia Yohana.

Afande aliponiona akasimama, akashikilia reki. "Mama Yohana. Leo umenikumbuka."

Nikapiga magoti. Mimi na umri wangu, kwenye kokoto. "Afande, nyumba chukueni. Shamba chukueni. Nakuomba kaburi. Waambie wakubwa zako walizungushie hata kamba."

"Kaburi lipi? Inuka, mama, unaumia. Wakubwa gani?"

"Wa kambi. Kambi ya ndege."

"Kambi ipi?"

"Hii unayoitengeneza!"

Akanitazama muda mrefu. Akatazama toroli. Akatazama buti zake. "Mama Yohana, kila mwaka mvua kubwa zikipumzika mimi naokota mawe hapa. Miaka kumi na mingapi. Ipo siku itakuja ndege ya mgonjwa. Buti navaa kwa sababu ya nyoka. Mwaka huu ndio mmeniona?"

Ni kweli, msimu huo huwa tuko mashamba ya bondeni tangu alfajiri. Mwaka ule tulibaki nyumbani kuvilinda vigingi.

"Na vigingi?" nikasema.

"Umevifuata?"

"Tuvifuate kwenda wapi?"

"Hata mmoja wenu hakuvifuata?" Akaniinua kwa mkono. "Twende."

Tukaenda kigingi kwa kigingi, yeye mbele na mwendo wake ule, mimi nyuma nimeshika pindo la kitenge. Tukapita kwenye udongo mtupu uliokuwa mihogo ya Mama Esta. Tukaingia migombani kwangu. Pale karibu na kaburi akasimama.

"Tazama hapa. Kigingi hiki na kile cha nyuma, chora mstari. Unakwenda wapi?"

Nikatazama. Mstari ulikuwa unakwenda moja kwa moja juu ya kaburi.

"Na kinachofuata kiko wapi?"

Kilikuwa kando. Vilikuwa vimepinda, vikalizunguka kaburi, kisha vikapinda tena kuelekea mlimani.

"Njia ya ndege haipindi, Mama Yohana," akasema. "Haizunguki kaburi la mtu. Ingenyooka kutoka kiwanjani mpaka huko bondeni, na bonde wangelijaza udongo. Halafu tazama mteremko huu. Halafu ukungu, mpaka saa nne hamwonani. Nani alete ndege ya kivita hapa? Itue wapi, kwenye ndizi zako?"

Tukapanda mpaka kwenye mikaratusi, jasho linanitoka, na huko juu, kwenye chemchemi, tukawakuta wale vijana watatu wanachanganya zege. Mabomba meusi yamelala kwenye majani kama nyoka waliolala njaa. Mmoja akafuta mikono. "Shikamoo bibi. Maji yatashuka mpaka zahanati ile ya kando ya kiwanja, na bomba moja litakuwa karibu na kwako. Pale kwenye kaburi tulizungusha, tulisahau kukwambia."

Mana yanje, Mungu wangu! Nilikaa palepale kwenye majani mabichi. Nikaanza kucheka, na nikicheka machozi yanatoka, na nikijizuia kicheko kinaongezeka. Vijana wakadhani bibi amepatwa na shetani. Afande akaja akakaa kando yangu, si karibu sana.

"Mbona hukutuambia?" nikamwuliza nilipotulia.

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnanisalimia mnakimbia. Nilidhani ni kwa sababu ya njiwa."

Nikacheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama huko chini, kiwanja kinavyoonekana kidogo kama mkeka, na nyumba yangu yenye shimo juu.

"Kambi yetu," akasema, "palikuwa na watu kabla. Si wengi. Ufuta, mtama, nyumba kumi hivi. Mimi nilikuwa kuruta, tukapewa kazi ya kuwapakia kwenye malori na vyombo vyao. Walipewa ardhi nyingine, sikatai. Akaja mama mmoja akapiga magoti kama ulivyopiga wewe, akaniuliza kaburi la mwanawe litakuwaje. Nilimwambia, panda gari. Kisha nikaitembea ile njia kila asubuhi, miaka yote ile, na sikuwahi kujua ni sehemu gani ninapolikanyaga."

Kwetu mtu akisema neno kama hilo hutafuti jibu. Nilimwekea mkono begani, bega la mtu mzima, gumu, nikauacha pale.

"Leo," akasema, "nimeweza kumwonyesha mtu kaburi lake liko salama." Akavuta pumzi mpaka nikaisikia.

Siku hizi yuko Muyama kwa binti yake, macho yamepungua, na njiwa wamegawanywa. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni pale tulivyoshuka. Nilimshika mkono kwenye utelezi, au yeye alinishika, na tulipofika migombani nilianza kupiga kelele kabla hata sijaiona nyumba: "Yohana! Yohana we! Panda juu! Rudisha bati!" Mama Esta akatoka mbio na unga mikononi, akamwona Afande, akaganda. Nikamwambia, "Msalimie vizuri huyu, kisha ulie mihogo yako." Kijiji kizima kilikuwa uani kwangu ndani ya saa moja, wengine wameleta nyundo, wengine wameleta aibu tu. Afande hakupanda juu, alisimama chini akiwaelekeza na kuwakaripia.

Mvua ilirudi siku ya pili yake, nzito, ya mawe, na sauti yake juu ya bati ilikuwa kubwa mpaka hatukusikizana. Nilivuta kitanda katikati ya chumba, nikalala mchana kweupe kama mtoto.